Msasani ya wavuvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msasani iko wapi hasa? Kila ninayemuuliza ananielekeza kwingine.

Wote wanaokuelekeza wana haki. Kiutawala Msasani ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, na kwa desturi jina hilo hubeba pia Oysterbay na Masaki, yaani rasi nzima inayochomoza baharini kaskazini ya katikati ya jiji. Upande wa mashariki rasi inatazamana na bahari kuu, na huko ndiko Coco Beach. Upande wa magharibi kuna Ghuba ya Msasani, maji yaliyotulia, na huko ndiko kijiji kilikoanzia.

Mtu wa mjini akisema anakwenda Msasani, mara nyingi ana maana ya maduka na mikahawa ya Slipway. Mwenyeji akisema hivyo anazungumzia kijijini penyewe, Mikoroshini, Makangira, Bonde la Mpunga au Namanga. Majibu ya hapa yanaanzia kwa mwenyeji, ndipo yatoke kwenda kwingine.

Ni kweli hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, au ni hadithi za kuvutia wageni?

Ni kweli, na uvuvi wa hapa una umri mkubwa kuliko jiji lenyewe. Kabla Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga bandari yake mpya katika miaka ya 1860, mwambao huu wa Mrima ulikuwa na vijiji vilivyofuatana: Mbweni, Kunduchi, Msasani, Mzizima, Magogoni, Mjimwema, Mbwamaji. Vilikaliwa na Washomvi, Waswahili ambao masimulizi yao yanawatoa Barawa, pwani ya Somalia, pamoja na Wazaramo waliokuwa na mashamba nyuma ya pwani. Samaki na chumvi vilikwenda bara, nafaka na mazao mengine yakaja pwani, na watu wakaoleana. Ndiyo maana hata leo ukikaa barazani na wazee wa Msasani utasikia ukoo mmoja una mizizi pande zote mbili.

Ukitaka kuona kwa macho utajiri wa vijiji hivyo, nenda Kunduchi, kaskazini kidogo. Huko kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, na baadhi ya nguzo zilipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Wavuvi na wakulima wa mwambao huu hawakuwa wametengwa na dunia. Walikuwa na shughuli na watu wa mbali kabla ya meli ya kwanza ya Mjerumani kutia nanga.

Na kwa nini kijiji kikae hapa, si upande wa Coco Beach wenye mchanga mzuri? Uliza mtu yeyote mwenye ngalawa. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, upande wa mashariki hupigwa na mawimbi moja kwa moja, na chini kuna mwamba wa matumbawe unaokwangua chombo. Ndani ya ghuba, rasi inakinga upepo, na visiwa vya Bongoyo na Pangavini vinavunja nguvu za bahari. Chombo kinaweza kulala majini usiku kucha na asubuhi ukakikuta palepale. Kijiji kiliwekwa na watu wanaoijua bahari.

Jiji lilipokuja, ilikuwaje?

Kwa muda mrefu halikuja. Majid alifariki mwaka 1870 na mji wake ukapoa, kwa sababu ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuushughulikia sana. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliweka kituo Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa hapo kutoka Bagamoyo. Lakini mji wa Wajerumani ulizunguka bandari. Kati ya mji na Msasani kulikuwa na hori la Msimbazi, na ng'ambo yake mashamba na minazi. Wavuvi waliendelea na shughuli zao.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Waingereza, walioutwaa mji Septemba 1916. Waliendeleza utaratibu wa kuugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni ilipohitaji nafasi, ilivuka hori kwa Daraja la Selander na kupanda rasi. Oysterbay ikapimwa kuwa mtaa wa maofisa wa Kizungu, viwanja vikubwa, nyumba moja katikati ya bustani, barabara zinazofuata ufuko ili upepo uingie. Kijiji kikabaki chini, kando ya ghuba, kikitazama mtaa huo ukikua mgongoni mwake.

Baada ya Uhuru wa 1961 nyumba zile ziliingiwa na viongozi na watumishi wa serikali mpya, mabalozi na wataalamu wa kigeni. Masaki ikafuata. Kijiji nacho kilikua, ila kwa namna nyingine: vyumba vilivyoongezwa nyuma ya nyumba, wapangaji kutoka mikoani, watu waliofanya kazi kwenye nyumba kubwa na kurudi kulala bondeni.

Bonde la Mpunga linaitwa hivyo kwa sababu gani? Sijaona mpunga.

Palikuwa na mpunga kweli. Ni bonde la maji lililolimwa kabla halijajengwa. Maji ya mvua yalijikusanya pale na kutoka polepole kuelekea baharini. Watu walijenga kwa kuwa palikuwa karibu na kazi na kodi ilikuwa ya chini, kisha upande wa baharini pakajazwa vifusi kwa ajili ya majengo makubwa na njia za maji zikaziba. Masika yakija, nyumba zinaingia maji. Anayewalaumu wakazi kwa "kujenga mabondeni" aangalie pia ni nani aliyeziba mlango wa kutokea maji.

Je, Mwalimu Nyerere aliishi Msasani? Nyumba yake inatembelewa?

Aliishi. Ikulu ilikuwepo, lakini maskani yake ya miaka mingi yalikuwa nyumba ya kawaida ufukweni Msasani. Alipong'atuka urais mwaka 1985 aligawa siku zake kati ya Butiama na Msasani. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mwili wake uliporudishwa nchini ulifikishwa kwanza nyumbani hapo, kabla ya wananchi kuuaga na kabla ya maziko Butiama. Wapo wakazi wengi ambao bado wanaelekeza njia kwa kusema "kwa Mwalimu".

Nyumba hiyo ni makazi ya familia, haina tiketi wala mwongoza wageni. Usiende kugonga geti wala kupiga picha. Anayetaka nyumba ya Mwalimu iliyo wazi kwa umma aende Magomeni, alikoishi wakati wa kupigania uhuru. Ile imehifadhiwa kama makumbusho.

Nimesikia kiongozi wa Msumbiji aliuawa huku. Ni kweli?

Ni Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi cha kitabu kilichotegwa bomu, akiwa kwenye nyumba ya rafiki ufukweni Oysterbay, alikopenda kwenda kufanya kazi kwa utulivu. Alikufa papo hapo. Mitaa hii tunayoiona leo kuwa ya starehe ilikuwa ndani ya vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na watoto wa shule wa Msasani wanastahili kulijua hilo kama wanavyojua majina ya hoteli.

Kwa nini kuna ulinzi mkali karibu na Namanga?

Ubalozi wa Marekani uko pale, kwenye Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, tangu mwaka 2003. Ule wa awali, uliokuwa jirani na Oysterbay, ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, siku moja na ule wa Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11. Picha zimekatazwa eneo lote hilo, na askari hawana mzaha.

Tingatinga inahusianaje na Msasani?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mgeni aulize kwanza. Michoro ya Tingatinga inauzwa kuanzia Zanzibar mpaka Tokyo, na wengi wanaoinunua hawajui kwamba ilizaliwa katika mtaa huu, mikononi mwa mtu aliyeishi kijijini Msasani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda kwanza kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akashuka Dar es Salaam kutafuta riziki. Alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa wazungu na vibarua vya hapa na pale. Hakusomea sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa vitu vilivyokuwa rahisi kupatikana: vipande vya mbao nyembamba za dari na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Ubao mmoja, mnyama mmoja au ndege mmoja, mandhari ya rangi moja nyuma yake, mistari isiyo na wasiwasi. Chui wake anakutazama kama anayekujua.

Soko lake lilikuwa Morogoro Stores, duka lililokuwa Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Michoro ilipangwa nje, mteja akitoka na mkate anatoka na chui pia. Biashara ilipokua akawaita ndugu na vijana wa kwao, akawaonyesha kazi: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Kila mmoja alianza kwa kujaza rangi na kuangalia, kisha akapewa ubao wake.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kimakosa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Kazi ingeweza kufia pale. Haikufa, kwa sababu wanafunzi wale waliendelea kuketi palepale na kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao. Leo ukienda eneo la Morogoro Stores utakuta wachoraji wamekaa kwenye benchi, mikebe ya rangi miguuni, wanazungumza huku mkono unatembea. Unaruhusiwa kusimama na kutazama.

Ushauri kwa anayenunua: usichukue mchoro wa kwanza unaouona. Uliza ni nani aliyeuchora, na kama yupo, zungumza naye. Wapo wanaorudia michoro ileile ya watalii, na wapo wenye mkono wao, wanaochora soko, hospitali, daladala iliyojaa, mashetani, ghuba yenyewe na ngalawa zake. Bei za ubao mdogo zinavumilika. Na ukilipa moja kwa moja kwa aliyechora, fedha hailipii watu wa kati.

Bado kuna wavuvi, au wamebaki kwenye picha?

Wapo. Nenda dikoni, mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, asubuhi utawaona. Diko la Msasani limebanwa na kuta pande zote, lakini ngalawa, mitumbwi na boti za mbao zenye mashine zinaingia na kutoka kila siku ambayo bahari inaruhusu.

Kazi yao inafuata mwezi na upepo, si saa ya ukutani. Wanaovua dagaa na samaki wa kundi kama vibua hutoka usiku na taa, kwa sababu mwanga huwavuta samaki juu. Mbalamwezi inapokuwa kali taa haina kazi, kwa hiyo siku hizo utawaona wavuvi wakishona nyavu na kuziba mianya ya vyombo. Wa mshipi hufuata changu, chewa na kolekole kwenye miamba. Wa jarife, wavu wa kutega, hufuata samaki wakubwa: nguru, papa na samaki aitwaye taa. Wapo bado wachache wanaosuka dema, mtego wa matete na fito unaozamishwa penye mawe. Na maji yakipwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, utaona watu wanatembea mwambani na fimbo wakitafuta pweza.

Chombo kikifika, samaki hupelekwa mnadani. Dalali anataja bei, wachuuzi wanapandishana, na mambo yanakwisha haraka kuliko mgeni anavyoweza kufuatilia. Baadaye akina mama wanaokaanga wananunua mafungu yao, na kufikia mchana samaki wale wako kwenye masinia ya mitaani. Mzigo mkubwa huenda soko la Feri, pale Kivukoni.

Kinachowasumbua wavuvi zaidi ya upungufu wa samaki ni ardhi. Mvuvi anahitaji mahali pa kuvuta chombo, kuanika nyavu, kuweka mashine, kuchanja kuni. Kila ukuta unaojengwa ufukweni unakula nafasi hiyo. Msasani ikipoteza diko, itabaki na jina tu, na haki ya diko inapaswa kulindwa kwa nguvu ileile inayolinda majengo ya kale.

Nikitaka kununua samaki hapo nifanyeje?

Fika mapema na uulize watu vyombo vinatarajiwa lini. Siku hadi siku saa zinabadilika kufuatana na maji kujaa na kupwa. Usiingilie mnada kama hujui. Msubiri mchuuzi anunue, kisha nunua kwake kwa fungu au kwa kilo. Tazama jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Pweza mbichi hunukia bahari, hanuki vibaya. Kuna vijana wanaopara na kutumbua samaki kwa malipo kidogo, na wanafanya vizuri kuliko utakavyofanya wewe nyumbani.

Kuna adabu gani ya kuzingatia kijijini?

Salimia. Mzee anaamkiwa shikamoo, na hata kijana wa dikoni ukimwanza kwa "habari za kazi" atakujibu vizuri kuliko ukimwanza kwa kamera. Picha za watu omba ruhusa, na ukikataliwa usibembeleze. Sehemu kubwa ya wakazi wa asili ni Waislamu: nguo za kuogelea ni za ufukweni na visiwani, si za vichochoroni. Ijumaa mchana watu wako msikitini. Wakati wa Ramadhani usile na kuvuta sigara mbele za watu waliofunga, na uje jioni, maana wakati wa kufuturu mitaa ya Msasani inapendeza kuliko siku nyingine yoyote, kwa tambi, vitumbua, kaimati na uji wa pilipili manga barabarani.

Slipway ni nini?

Palikuwa karakana ya boti, mahali pa kuvutia vyombo nchi kavu kwa matengenezo. Sasa ni maduka, hoteli, migahawa na gati. Pazuri kukaa wakati jua linatua, kwa kuwa ni sehemu adimu ya Dar es Salaam unapoliona jua likizama majini, ingawa pwani yetu inatazama mashariki. Bei ni za juu. Kunywa soda moja, tazama jua, kisha ukale kijijini.

Visiwa vinavyoonekana kutoka ufukweni vinatembelewa?

Bongoyo ndicho cha karibu na boti zake hutoka Slipway. Mbudya kiko mbele zaidi na njia yake nyepesi ni kutoka pwani ya Kunduchi. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, visiwa hivi vilitangazwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na kuna kiingilio kinacholipwa kwa mamlaka ya hifadhi. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Bongoyo haina wakazi. Kuna mchanga mweupe, mabanda ya makuti, njia ndogo ya kupita msituni, na samaki wa kukaangwa unaoagiza ukifika ili wawe tayari ukitoka majini. Mbudya ina mibuyu na mivinje, na maji safi zaidi ya kuogelea kwa miwani. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua Mbudya siku ya kazi, mapema, kabla ya makundi. Mwisho wa wiki visiwa vyote viwili hujaa muziki.

Angalia ratiba ya boti ya mwisho kurudi na uifuate. Visiwa hivi si mahali pa kulala bila mpango.

Matumbawe yako katika hali gani?

Yameumia. Uvuvi wa baruti ulikuwepo mwambao huu kwa miongo mingi: bomu moja huua wakubwa kwa wadogo, mayai na vyakula vyao, na kuvunja mwamba ambao utahitaji miongo kujijenga tena. Serikali ilibana kwelikweli kuanzia katikati ya miaka ya 2010, na milipuko ikapungua sana. Joto la bahari nalo lilifanya yake. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Juu ya hayo kuna uchafu wa jiji unaoshushwa na mito, hasa Mto Mlalakuwa unaomwaga maji yake kwenye ghuba. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia ufukwe kuonekana, ila chupa bado ni tatizo.

Mgeni anaweza kufanya mambo madogo yenye maana: asisimame juu ya matumbawe, asinunue kombe na makome makubwa, arudi na taka zake.

Coco Beach ikoje?

Ni ufukwe wa wananchi. Jumapili jioni jiji zima linahamia hapo: familia zilizotoka ibadani, wachumba, vijana wa mpira, watoto juu ya farasi wa kukodi na wauza karanga. Mihogo ya kukaanga ndiyo chakula cha Coco, pamoja na kachumbari na pilipili, kisha mishikaki na dafu. Anayesema amefika Dar es Salaam na hajala mihogo ya Coco, arudi.

Kuogelea kunahitaji akili. Maji yakijaa mchanga karibu wote unafunikwa, na mawimbi yanapiga kwenye mwamba. Yakipwa, mawe na mashimo vinajitokeza. Mkondo una nguvu na watu wamewahi kufa maji. Watoto waogelee upande wa ghuba au visiwani, si hapa.

Tangu mwaka 2022 Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 1 juu ya bahari, linaunganisha eneo la Hospitali ya Aga Khan na upande huu. Kulivuka kwa miguu alfajiri ni matembezi mazuri, mji mmoja nyuma yako, mwingine mbele.

Ufukwe ni wa nani? Mlinzi wa hoteli amenizuia kupita.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Ufukwe unaofunikwa na maji na kuachwa wazi haumilikiwi na hoteli. Wavuvi na wakazi wamepita mchangani tangu zamani na wana kila sababu ya kuendelea kupita. Tatizo lililo zito zaidi ni vichochoro vya kushukia baharini. Kimoja kikizibwa kwa geti hakuna anayepiga kelele, vitatu vikizibwa mtaa mzima umekatwa na maji. Unapozuiwa mchangani, eleza kwa upole kwamba unapita tu, na ikishindikana taarifu ofisi ya serikali ya mtaa. Usigombane na mlinzi, yeye ameajiriwa na mara nyingi anaishi Mikoroshini.

Nile wapi kijijini?

Fuata moshi jioni. Wali wa nazi na samaki wa mchuzi, chapati na maharage, supu ya pweza, samaki wa kukaanga na ugali. Asubuhi kuna vitumbua, mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi. Sitaji majina ya vibanda kwa kuwa mama lishe mzuri hahitaji tangazo: ni yule mwenye foleni ya madereva wa bajaji.

Nifikeje kwa usafiri wa umma?

Panda basi la mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, kisha daladala au bajaji. Zipo daladala za Msasani na Masaki kutoka vituo vikubwa vya jiji. Ukija kwa ajili ya kijiji, shuka Namanga na utembee kwa miguu kuelekea baharini ukiuliza dikoni.

Nije msimu gani?

Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ina joto kali lakini bahari ni tulivu na maji ni maangavu visiwani. Masika ya Machi mpaka Mei yana mvua, tope na boti zinazoahirishwa. Kusi inaanza na upepo na mawimbi, ila kuanzia Juni hewa ni ya baridi nzuri, na Septemba na Oktoba mambo yanatulia tena. Zaidi ya msimu, tazama maji: wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita meta 3, kwa hiyo ufukwe uliouona asubuhi si ule utakaoukuta mchana. Ratiba ya maji ya siku unaipata mtandaoni, au muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama popote.

Kuna nini kingine jirani, nikiwa na siku nzima?

Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali na ngoma. Wachonga vinyago wa Mwenge hawako mbali, na Nafasi Art Space iko Mikocheni kwa wapenda sanaa ya sasa. Mtu aliyeanza dikoni asubuhi, akapita kwa wachoraji wa Tingatinga kabla ya adhuhuri na kumalizia Mwenge, atakuwa ameona mikono mingi ikifanya kazi kwa siku moja, na bado atawahi mihogo ya jioni Coco kama foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi itamruhusu.